Swali la Kumi na Tisa

Tulilala chumba kimoja miaka mitatu, kitanda changu dirishani na chake karibu na mlango, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitoka alfajiri. Bwenini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Dakika. Ukimwambia twende tukale, anajibu ana dakika kumi na tano. Ukimwomba akufafanulie hesabu, anatazama saa kwanza, halafu anasema, “Nina dakika nane, kaa.” Na kweli, dakika ya nane ikifika anafunga daftari hata kama sentensi iko katikati. Mimi nilikuwa nasoma sheria, kwa hiyo akanibatiza Wakili, na mpaka leo akinipigia simu huanza hivyo hivyo: “Wakili, una nafasi?”

Kubana dakika kule kulikuwa na sababu. Chuo chetu kilikuwa na mpango na shule moja ya urubani nje ya mji. Mwanafunzi anasoma shahada yake kama wenzake wote, na wakati huo huo anajifunza kurusha ndege, ili mwaka wa tatu ukiisha aondoke na vyeti viwili. Darasa la takwimu lilikuwa na watu tisini. Walioingia kwenye mpango huo walikuwa watano, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Baba yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule na suruali za watu wa ofisini, alimwekea sharti moja tu tangu akiwa sekondari.

“Ruka utakavyo, mwanangu,” alimwambia, “lakini shahada lazima. Ndege nimesikia zinaanguka. Shahada sijasikia ikianguka.”

Mama yake, karani wa posta, hakuweka sharti lolote. Yeye alitaka simu. Kila somo la angani likiisha, Dakika alimpigia na kusema, “Nimeshuka,” na mama akajibu, “Haya, mama,” basi, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Saa kumi na moja alfajiri gari la shule ya urubani lilimchukua getini. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshaizunguka ile ndege ndogo ya viti viwili, ameshika hiki, ametikisa kile, amechota mafuta kidogo kwenye chupa na kuyainua kwenye mwanga kuona kama yana maji. Saa nne alitakiwa awe kwenye mhadhara. Alikuja ananuka petroli, na mfukoni alikuwa na kadi ngumu: upande mmoja kaandika fomula, upande wa pili kasi za kupaa na kutua. Siku moja mhadhiri alimwona anasinzia, akamwita ghafla arudie alichosema. Dakika akainuka macho yakiwa yamefumba nusu, akajibu kwa sauti ya redioni, “Nimepokea, nageuka kushoto, futi elfu moja.” Darasa zima lilivunjika mbavu. Mhadhiri mwenyewe ilimbidi ageukie ubao.

Aliyemfundisha kuruka alikuwa mtu mfupi mwenye mvi, asiyejua kusifu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Tena. Ukitua vibaya, anasema, “Tena.” Ukitua vizuri, anatazama nje ya dirisha kidogo kama anayetafuta kasoro, kisha anasema, “Tena.”

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, mama yake Dakika akalazwa. Shinikizo la damu lilikuwa limempanda akiwa kazini, akaanguka kati ya magunia ya barua. Madaktari walisema ni siku chache za kumwangalia. Jumapili Dakika alikwenda kukaa naye mchana kutwa. Jumanne jioni waliongea kwenye simu, mimi nikiwa palepale napaka mafuta miguu. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba kesho yake, hali ya hewa ikiwa nzuri, huenda angemwacha aruke peke yake kwa mara ya kwanza.

“Nisiende?” alimuuliza mama yake.

Sauti ya mama niliisikia mpaka kitandani kwangu. “Usiende, ili ufanye nini? Uje unitazame ninavyomeza vidonge? Nenda ukaruke. Ukishuka unipigie.”

Jumatano walizunguka uwanja mara mbili pamoja. Ndege ilipotua mara ya pili Mwalimu Tena akafungua mkanda wake injini ikiwa bado inanguruma, akasema, “Mimi nimechoka kukaa na wewe,” akashuka, akaenda zake kwenye nyasi na mikono nyuma. Dakika akapaa peke yake saa mbili na dakika arobaini na moja. Alizunguka mara tatu, akatua mara tatu. Alinisimulia kwamba bila uzito wa mwalimu ndege ilipanda upesi kuliko alivyotarajia, na kwamba alijikuta anaimba, ila wimbo gani hakumbuki. Saa tatu na dakika tano magurudumu yaligusa lami kwa mara ya mwisho.

Mafundi walikuwa wanamngoja na ndoo mbili za maji, maana ndivyo rubani anavyopokewa akiruka peke yake mara ya kwanza. Wakammwagia zote mbili. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha, maji yakimchuruzika, akafuta mikono kwenye ovaroli ya fundi mmoja, akachukua simu yake kwa karani wa mapokezi, akaiwasha na kupiga namba ya mama.

Aliyepokea alikuwa mjomba wake.

“Mjomba, shikamoo. Mama yuko wapi?”

“Tumekupigia sana, mwanangu.”

“Nilikuwa juu, simu nilikuwa nimeizima. Mpe mama simu, nimwambie nimeshuka.”

Mjomba akamwambia.

Rubani ana daftari lake la safari, na humo huandikwa kila anachoruka: tarehe, ndege, saa ya kupaa, saa ya kutua. Mwalimu Tena alikuwa ameshamjazia mstari ule kwa wino mwekundu wakati wengine wanacheka na ndoo, 2:41 hadi 3:05. Karatasi ya hospitali ilisema mama alifariki saa tatu kasoro dakika tano.

Aliingia chumbani saa tano, nguo zikiwa bado mbichi. “Mama amefariki,” aliniambia, kwa sauti ile ile ambayo mtu hukuambia kwamba mhadhara umehamishiwa ukumbi mwingine. Akatoa begi chini ya kitanda. Akakunja nguo, moja baada ya moja, akilinganisha mikono ya mashati na kulainisha kola kwa kiganja, nadhifu kuliko siku zote. Mimi nililia mpaka nikakosa pumzi. Yeye alinitazama kama anayengoja mvua ipungue.

“Una shati jeusi?” akauliza.

Nikampa. Akalikunja nalo.

Tulimzika mama yake Ijumaa. Jumanne iliyofuata Dakika alikuwa amerudi. Jumatano saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango, gari likanguruma getini, likaondoka naye. Wiki ile kulikuwa na mtihani mdogo, akapata themanini na moja.

Nilikuwa namngoja alie. Nilinunua hata leso, nikaziweka mezani karibu na upande wake. Zilikaa pale hadi zikashika vumbi. Alikula, alilala, alioga, alinijibu nikimsemesha. Asubuhi moja ya Jumapili nilikosea mkebe nikatia chumvi kwenye chai yake badala ya sukari, vijiko viwili. Yangu nilipoionja niliitema sakafuni. Nilipogeuka kumwonya, yeye kikombe kilikuwa kimebaki nusu.

“Dakika! Hiyo ina chumvi.”

Akatazama ndani ya kikombe. “Ndiyo,” alisema. Akainywa yote.

Nilimuuliza siku ile, nini kinaendelea ndani yako. Alifikiri kwa muda mrefu, na kwake muda mrefu haukuwa kitu kidogo. “Ushawahi kulalia mkono ukaingia ganzi?” alisema. “Unauona ni wako. Ukiuambia ushike kitu, unashika. Lakini ukiuminya, hakuna habari. Ndivyo nilivyo mwili mzima.”

“Sasa mkono ukiachiwa si huwa unarudi?”

“Huwa unarudi,” alisema. Akatazama saa.

La ajabu ni kwamba alianza kuruka vizuri kuliko wote watano. Zamani ndege ikipigwa na upepo wakati wa kutua, alikuwa akishtuka na kuvuta usukani kwa nguvu. Sasa upepo ulimsukuma naye akarekebisha, kidogo, kwa vidole viwili, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Mwalimu Tena akaacha kusema “Tena.” Siku moja aliwaambia wale wavulana wanne mbele yake, “Tazameni mkono wa huyu. Umetulia. Mngekuwa na mkono huu ningelala usingizi.” Sifa aliyoingoja mwaka mzima ilikuwa imemfikia. Aliniletea habari hiyo pamoja na habari kwamba dobi amefunga.

Mwezi wa kumi na moja baada ya mazishi alitumwa safari ndefu ya peke yake, viwanja vitatu kwa asubuhi moja, aondoke hapa, atue pale, atue kule, arudi. Siku hiyo hiyo saa nane mchana tulikuwa na mitihani ya mwisho wa muhula, yeye nadharia ya uwezekano, mimi sheria ya mikataba. Alisema atawahi.

Kipande cha pili cha safari, akiwa futi elfu tatu, injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikazima, na pangaboi mbele yake likazunguka pole pole mpaka likasimama wima. Baadaye fundi alikuta bomba la mafuta limepasuka mahali ambapo jicho lisingeweza kuona bila kufungua injini. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa na muda wa kulitafuta. Dakika aliishusha pua ya ndege apate mwendo wa kuelea. Akajaribu kuiwasha mara mbili. Akatoa taarifa ya dharura redioni, akataja alipo. Akachagua shamba lililokuwa limeshavunwa, refu, lisilo na miti upande wa kuingilia. Akafunga mafuta, akazima umeme, akalegeza komeo la mlango ili usikwame, akatua. Gurudumu la mbele likaingia kwenye tuta na kukatika. Ndege ikainama, ikalima ardhi kwa pua, ikasimama.

Alitoka na begi lake. Mwenye shamba, mama mtu mzima aliyejifunga khanga kiunoni, alikuja mbio akiwa bado na jembe.

“Wewe mtoto! Uko mzima?”

“Niko mzima, mama. Shikamoo.”

“Shikamoo ya nini saa hizi? Umeumia wapi?”

“Sijaumia.”

Mama yule alimshika uso, akamgeuza huku na huku, akampapasa mabega na mbavu. “Mbona hulii?” aliuliza. “Mbona hutetemeki hata kidogo?” Basi mama akalia yeye. Akaketi kwenye tuta akalia kwa sauti, na Dakika akasimama pembeni yake, mkono begani kwake, akimwambia, “Pole, mama. Pole sana. Na shamba lako nimeliharibu.”

Gari la shule lilipofika, wakaandika maelezo yake, wakapiga picha ndege. Alipomaliza akauliza kama kuna anayerudi mjini, maana ana mtihani. Walidhani anatania. Aliingia ukumbini dakika ishirini baada ya mtihani kuanza, viatu vikiwa na udongo mwekundu, akaonyesha kitambulisho, akakaa. Alipata sabini na nne.

Jambo lile lilikuwa kubwa. Picha yake ilitoka gazetini. Mkuu wa shule ya urubani alihutubia wanafunzi wote kuhusu nidhamu, akamwita mbele. Baba yake alifunga duka siku hiyo akaja bwenini na suti yake ya harusi, akashikana mikono na kila mtu pamoja na mlinzi. Mwalimu Tena alimwambia, “Mimi nisingeitua vizuri zaidi.” Kila mtu alikuwa anatabasamu naye, na yeye alikuwa ameinua pembe za midomo kama inavyotakiwa.

Watu walipoondoka tukabaki wawili. Ilikuwa saa kumi alasiri, vijana wanacheza mpira nje. Akavua viatu, akaviweka sambamba chini ya kitanda.

“Wakili,” alisema, “una nafasi?”

“Ninayo.”

“Injini ilipozima, nilisikia kama mtu kazima feni chumbani. Nikasema, haya. Basi. Nilifanya kila kitu kwa mpangilio kwa sababu nimefundishwa hivyo. Mpaka mlango nililegeza. Lakini katika yote niliyofanya, hakuna hata moja nililofanya kwa sababu nataka kuishi. Ardhi ilikuwa inakuja, nikawa naitazama tu.” Akaminya kidole gumba chake kwa kucha za mkono wa pili, akakitazama. “Na hao wote wananipongeza kwa hilo.”

Nilihama kitandani kwangu nikaenda kukaa kwenye chake. Tulisikia filimbi ya mpira. Nilikaa hivyo mpaka yeye aliposema nitachelewa kupanga foleni ya chakula.

Baada ya ajali, hata ndogo, rubani lazima apimwe upya. Kuna daktari maalumu wa marubani. Bila sahihi yake hata ndege ya karatasi huruhusiwi kurusha, kama wale wavulana walivyopenda kusema. Kabla ya kupimwa unajaza fomu ya maswali ishirini na saba, kila swali lina visanduku viwili, ndiyo na hapana. Wavulana walimfundisha namna ya kuijaza.

“Unaanza juu, hapana,” mmoja alimwambia, “unateremka nayo hapana, hapana, hapana, mpaka kwenye sahihi. Sahihi ndiyo usiandike hapana.”

Dakika aliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha daktari na kalamu iliyofungwa kamba. Kifafa, hapana. Kizunguzungu, hapana. Alishuka nazo vizuri mpaka swali la kumi na tisa. Je, umewahi kupata huzuni ya muda mrefu, wasiwasi uliopita kiasi, au badiliko lolote la hisia? Mwaka uliotangulia alikuwa ameliruka kwa hapana moja. Sasa kalamu ikasimama. Alimaliza mengine yote, akaitwa ndani lile likiwa bado tupu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alipokea fomu, akaipitia kwa kidole.

“Umeacha la kumi na tisa.”

“Silielewi vizuri, Daktari.”

“Linauliza kama umewahi kuwa na huzuni ya muda mrefu.”

“Kama mtu hana huzuni, hana furaha, hana chochote, hiyo inaingia sanduku gani?”

Daktari akavaa miwani yake, akamtazama kwanza, kisha akainuka akafunga dirisha, maana kulikuwa na mtu anafagia nje. “Tangu lini?”

“Tangu mwaka jana, Jumatano moja, saa tatu na dakika kama kumi.”

Akamsimulia. Kwa jinsi alivyoniambia, alimsimulia kama ripoti, pamoja na saa zake. Alipofika kwenye shamba na ardhi inayokuja, daktari aliweka kalamu chini.

“Unajua nikiandika haya, kesho huruki?”

“Najua.”

“Na sijui utarudi lini. Au kama utarudi.”

“Najua.”

“Wenzako hawaniambii. Wewe kwa nini unaniambia?”

“Muhula ujao mafunzo yangu yanaingia ndege ya viti sita,” alisema Dakika. “Nyuma kutakuwa na watu.”

Daktari aliandika. Jioni ile Dakika alirudi, akatoa ufunguo wa kabati la uwanjani mfukoni, akautundika msumarini. “Wamenishusha,” alisema. Nilitafuta usoni mwake chochote. Hapakuwa na kitu.

Mwalimu Tena alikuja chuoni siku tatu baadaye. Sikuwahi kumwona nje ya uwanja. Alionekana mdogo kwenye benchi la mapokezi ya bweni, kofia magotini.

“Nani alikutuma kusema?” alianza, bila salamu. “Una mkono ambao sijauona miaka ishirini na sita. Ungeandika hapana, ukamaliza, ukaenda kulia nyumbani kwenu.”

“Ndiyo tatizo, Mwalimu. Silii.”

Mwalimu akaizungusha kofia. “Wewe unadhani mimi lile swali nimelijibu kweli mara ngapi?”

“Mara ngapi, Mwalimu?”

Mzee akatazama ubao wa matangazo kana kwamba anausoma. Kisha akainuka, akamgusa kichwani kidogo kwa kofia ile, akaenda zake.

Miezi iliyofuata ilikuwa na asubuhi tupu. Aliendelea kuamka saa kumi na moja kasorobo. Nilikuwa namkuta nikiamka, ameshavaa, ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Kila Alhamisi alikwenda kwa mshauri wa zahanati ya chuo, bwana mmoja mpole ambaye, kwa maneno yake Dakika, alikuwa na maswali matatu na sanduku moja la leso. Hakuona faida yoyote, lakini alikwenda, kwa sababu iko kwenye ratiba. Shahada ilisogea. Wenzake wanne wakahamia ndege kubwa zaidi, wakaanza kuvaa mashati meupe yenye mistari mabegani. Wakimwona wanapunguza sauti.

Likizo ya mwaka wa tatu akaenda nyumbani, nami nikafuatana naye kwa siku chache. Duka la baba yake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani mbili, meza ya kukatia, suruali zilizokamilika zimetundikwa kwenye waya zikingoja wenyewe. Tulikuwa tunamsaidia kupiga pasi. Dakika alichukua suruali moja ya kijivu ya mteja, akatoa mifuko nje ili ainyooshe, akasimama na pasi mkononi.

Kitambaa cha mfuko kilikuwa cha kijani chenye maua madogo meupe.

Akaiweka. Akachukua suruali nyingine, akachomoa mifuko. Kijani, maua meupe. Ya tatu, kitambaa cha zambarau. Akatembea na waya ule mpaka mwisho, akitoa mifuko nje, suruali baada ya suruali, mpaka zote zikawa zimening'iniza masikio. Kisha akafungua mlango wa chumba cha ndani, akafungua kabati la mama yake. Lilikuwa na vining'inizio vitupu.

“Baba,” alisema. “Magauni ya mama yapo wapi?”

Baba hakuinua uso kwenye cherehani. “Kitambaa cha mifuko kiliisha.”

“Umeyakata?”

“Kidogo kidogo.”

“Umemtia mama mifukoni mwa watu!”

Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. Kioo cha dirisha kiliitika. “Watu wanaweka funguo humo! Wanaweka makamasi! Hukuniuliza! Hukuniachia hata moja, Baba, hata moja!” Akapiga meza kwa mkono, na mkebe wa pini ukaruka, ukamwagika sakafu nzima.

Baba akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, lakini pale alionekana kama nguo iliyoning'inizwa.

“Kila nguo niliyoshona tangu afe ina kipande chake,” alisema pole pole. “Nikiyatazama kabatini sikuwa nahisi kitu. Nikasema labda yakitembea tembea huko nje, nitahisi. Sikuhisi.” Akapangusa uso kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. “Nimengoja mtu apige kelele ndani ya nyumba hii, mwanangu. Nimechoka kungoja.”

Dakika alikuwa amesimama ananyanyua mikono yake, anaitazama. Ilikuwa inatetemeka. Alinionyesha, kama mtu anayekuonyesha kitu alichookota njiani asijue ni cha nani. Kisha akapiga magoti aanze kuokota pini, na baba naye akashuka chini, na mimi, tukaokota sote watatu bila kusema, hadi mchana. Hakulia. Alikuwa na hasira, na ile hasira alikaa nayo siku nne, akiufunga kila mlango kwa kishindo. Baba alikuwa akiusikia mlango, anaitikia kwa kichwa, anaendelea kushona.

Singependa kumdanganya msomaji kwamba kutoka hapo mambo yalifunguka. Yalikuja kwa matone. Siku moja alinikaripia kwa kukoroma. Siku nyingine, kwa mshauri, alizitumia zile leso, mbili, akaniambia idadi. Kisha wiki tatu kavu kabisa. Shahada alimaliza kwa daraja la pili la juu, akavaa joho, akapiga picha na baba. Leseni hakuwa nayo. Daktari wa marubani alimwita mara nne, akasoma barua za mshauri, na baada ya miezi kumi na minne tangu amshushe, akatia sahihi.

Alirudi uwanjani wenzake wakiwa wameshaajiriwa. Mwalimu Tena alimpokea bila maneno, wakakagua ndege pamoja, wakaingia. Mwisho wa njia ya kurukia, kabla ya kuongeza nguvu ya injini, Dakika aliurudisha mkono mapajani.

“Mwalimu,” alisema, “naogopa.”

“Vizuri,” akajibu mzee yule, akikaza mkanda wake. “Sasa tuko wawili.”

Alitua vibaya siku ile, ndege ikadunda mara mbili. Ilimchukua miezi saba mingine kupata leseni, na mkono wake, kwa ushahidi wa mwalimu wake, haujawahi kutulia tena kama mwaka ule wa ganzi. Anashtuka, anarekebisha kupita kiasi, anarekebisha tena. Anatua salama.

Sasa ana kazi katika kampuni ndogo ya mizigo. Anasafirisha vipuri, dawa, na mara mbili kwa wiki vifaranga wa siku moja, wale wa kufugwa, waliopangwa kwenye maboksi yenye matundu. Kuna miezi ambayo, anasema, bado anaamka na haoni tofauti kati ya Jumatatu na sahani. Miezi hiyo humwambia daktari, na mara moja alipumzishwa wiki sita. Hakulalamika. Fomu yake ya mwaka huja na sanduku la ndiyo limetiwa alama, na maelezo mafupi pembeni kwa mwandiko wake mdogo.

Juzi nilimpigia. Mimi sasa ni wakili wa kweli, nina ofisi yenye feni. Alikuwa uwanjani anapakia. Nikamuuliza swali ambalo sijui kwa nini sijamuuliza miaka yote hii, kama sasa ana furaha.

“Subiri,” alisema. Nikasikia boksi likisukumwa, na nyuma yake kelele nyembamba za vifaranga wengi mno. “Nina elfu mbili na mia nne humu, na wote wana njaa. Nani anaweza kufikiri? Nitakupigia.”

Akakata simu.